Wa Ngapi Darasani? Mhadhara Kuhusu Kuacha Kujilinganisha



Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania lilitangaza matokeo ya kidato cha nne bila kutaja wanafunzi bora wala shule bora. Wapo waliolalamika, na hadi leo hawajanyamaza: mtoto asipojua nani kamshinda, wanasema, atabweteka. Hoja hiyo ndiyo iliyonisimamisha mbele yenu jioni hii, maana inaaminiwa na watu wenye nia njema, na inaumiza watoto.

Msomi anayetaka kuitetea atakimbilia kwa mwanasaikolojia Leon Festinger. Makala yake ya mwaka 1954 katika jarida la Human Relations inahusu jinsi watu wanavyojilinganisha wao kwa wao. Mimi huisoma na wanafunzi wangu kila mwaka, na kila mwaka naona jinsi inavyosomwa nusunusu. Ina nadharia tete tisa. Watu huirukia ya nne, isemayo kwamba katika mambo ya uwezo binadamu husukumwa kupanda juu, wakaondoka wameridhika. Laiti wangeanza mwanzo! Ya kwanza inasema binadamu ana haja ya kujua uwezo wake. Ya pili, ambayo kwangu ndiyo kiini cha makala nzima, inasema hujipima kwa wenzake kadiri anavyokosa kipimo kisichotegemea watu. Kumbe haja yetu ya asili ni kujijua. Jirani tunamgeukia kwa kukosa kipimo kingine.

Ya tatu inaivunja kabisa hoja ya walalamikaji. Kadiri tofauti kati ya watu wawili inavyokua, ndivyo hamu ya kujilinganisha inavyopungua. Festinger anatoa mfano wa mchezo wa sataranji: anayeanza kujifunza hajilinganishi na mabingwa wa mchezo huo. Sasa mtoto wa shule ya kata isiyo na mwalimu wa Fizikia atahamasishwaje na orodha ya shule kumi bora? Walio kwenye orodha ile wako mbali naye mno.

Nitaambiwa: basi alinganishwe na wa karibu. Hapo pana ukweli, nami siukwepi. Mtafiti Blanton na wenzake, katika utafiti wa mwaka 1999 kwa wanafunzi wa Uholanzi, waliona kwamba waliojilinganisha na mwenzao aliyewazidi kidogo walipata matokeo mazuri zaidi baadaye. Lakini wale walimchagua wenyewe wa kujipima naye. Hawakubandikiwa majina ubaoni. Na mtafiti Herbert Marsh ameonyesha, kwa takwimu za nchi 26, kwamba wanafunzi wenye uwezo uleule hujiona duni zaidi wanapokaa kati ya wenye alama za juu. Uwezo haujabadilika, waliobadilika ni majirani.

Nilipokuwa mwalimu wa sekondari, mzazi mmoja alikuja kuchukua ripoti ya mwanawe. Kijana alikuwa amepanda katika Hisabati kutoka alama 41 hadi 53. Milinganyo iliyokuwa ikimtoa jasho muhula uliotangulia sasa alikuwa akiikokotoa mwenyewe, hatua kwa hatua, bila kuangalia daftari la jirani. Baba hakuitazama safu ya alama. Kidole chake kilishuka moja kwa moja hadi chini, palipoandikwa nafasi, na nafasi ilikuwa imeshuka, kwa kuwa darasa zima lilikuwa limefanya vizuri. "Umerudi nyuma," akamwambia. Kijana akainamisha kichwa, naye alikuwa amesonga mbele kuliko wakati wowote.

Baba yule hakuwa mkatili. Alisoma kile ambacho sisi walimu tulimwandikia.

Ndiyo maana siamini kwamba kujilinganisha kunaachwa kwa mawaidha. Ukimwambia mtu asimtazame jirani bila kumpa kipimo cha kazi yake mwenyewe, atachungulia tu. Mpe kipimo hicho, na haja ya kuchungulia itapungua. Hili nimelipima kwa pande zote na sijaona sababu ya kuliacha.

Kwa hiyo nawaomba walimu wakuu mlioko hapa: muhula ujao ifuteni safu ya nafasi kwenye ripoti, na mahali pake mwandike mambo ambayo mwanafunzi anayaweza sasa na hakuyaweza muhula uliopita.