Uzi na Sindano: Hotuba ya Walimu Siku ya Wakimbizi, 20 Juni



Awali ya yote tunaishukuru Kamati kwa kutupa nafasi hii. Siku ya leo inaadhimishwa duniani kote tangu mwaka 2001, na kabla ya hapo ilikuwa Siku ya Wakimbizi wa Afrika. Wenzetu wamekwisha kusema juu ya haki zetu na juu ya historia ya kambi hii ya Dzaleka tangu ilipofunguliwa mwaka 1994. Sisi walimu tumeombwa kusema jambo la nyumbani. Tumechagua nguo iliyochanika.

Pengine mtauliza, kwa nini nguo? Tulikuwa na mwanafunzi ambaye kila akiitwa ubaoni hakusimama. Tulimhesabu kuwa mkaidi, tukampa adhabu ya kufagia darasa mara mbili. Siku ya tatu hakuja, wala wiki iliyofuata. Tulipokwenda kwao tulikuta kaptula yake imepasuka nyuma, naye hana nyingine. Haukuwa ukaidi, ilikuwa haya. Kosa lilikuwa letu. Kaptula ile tuliishona pale pale kwa muda usiofika nusu saa, na kesho yake mtoto alikuja darasani.

Basi asiseme mtu, "Mimi si fundi." Hata sisi si mafundi, na cherehani hatuna. Kinachotakiwa ni sindano, uzi na subira. Nguo ifuliwe kwanza na ikauke. Uzi uwe na urefu wa kutoka vidole hadi kiwiko, kwa maana ukizidi unajifunga mafundo. Kisha tutazame nguo imeharibika namna gani.

Kwanza, mshono uliofumuka. Hapo kitambaa ni kizima, ni uzi tu uliokatika. Geuzeni nguo ndani nje. Anzeni kabla ya tundu, kadiri ya sentimita 2, pale mshono wa zamani ungali imara. Fuateni mstari ule ule. Kila sindano inapotokea mbele, irudisheni nyuma hadi pale hatua iliyotangulia ilipoishia, kisha itokee mbele tena. Mshono huu wa kurudi nyuma haufumuki upesi kama bandi ya kawaida. Malizieni sentimita 2 baada ya tundu, mshone mara tatu mahali pamoja, ndipo mkate uzi.

Pili, kitambaa kilichochanwa na msumari au mwiba. Wekeni kipande kidogo cha nguo kuukuu upande wa ndani. Kutanisheni kingo mbili bila kuzipandisha, kisha mpitishe uzi kutoka kingo hii hadi ile, hatua ndogo zilizo karibu karibu, mpaka mpasuko wote ufungike. Msivute sana, nguo itajikunja.

Tatu, palipochakaa, kama magotini na makalioni. Hapo uzi peke yake hautashika. Wekeni kiraka. Kiraka kitoke kwenye nguo iliyokwisha kufuliwa mara nyingi, kwa sababu kitambaa kipya kikifuliwa hunywea na kuvuta kile cha zamani. Kipitishe tundu sentimita 3 kila upande, kunjeni sentimita 1 ya ukingo kwa ndani, mkishikize kwa pini au bandi kubwa, kisha mshone pande zote kwa hatua ndogo. Nyuzi za kiraka zielekee upande mmoja na nyuzi za nguo.

Uzi utatoka wapi? Gunia la unga limefungwa mdomoni kwa uzi ambao, ukiuanzia upande ulio sawa, hufumuka wote kwa mvuto mmoja. Ni mnene, hivyo unafaa mikoba, mablanketi na suruali nzito. Kwa shati, fumueni nguo isiyofaa tena, na vifungo vyake mvitunze.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tundu la kidole siku ya Jumatatu huwa tundu la ngumi siku ya Ijumaa. Tena Juni hapa Dowa ni mwezi wa baridi, na upepo hauombi ruhusa kuingia.

Wazazi, wafundisheni na wavulana. Sindano haina mke wala mume. Ikitoka kazini ichomekwe kwenye kitambaa na kuwekwa juu, mbali na watoto wadogo.

Wageni wetu wa mashirika, tunajua sare mpya ni gharama kubwa. Tunaomba kwamba orodha ya vifaa vya shule inapoandikwa, pamoja na madaftari na kalamu, ziandikwe sindano na nyuzi. Ni vitu vidogo, lakini vinaweza kumrudisha mtoto darasani.

Nasi walimu tumejifunza kuuliza kabla ya kuadhibu. Kila Ijumaa baada ya masomo tutabaki darasani na sindano zetu. Leteni nguo, njoni na watoto, tushone pamoja.