Chama Kinavyouawa kwa Sheria
(Mada iliyosomwa kwenye kikao cha vijana, Misungwi)

Nimepewa dakika chache, kwa hiyo naenda moja kwa moja.

Mwaka 1954 mkoloni alileta sheria ya kusajili vyama. Kwa sheria hiyo TANU ikanyimwa matawi huku kwetu Usukuma mpaka 1958. Wazee wetu walijua uchungu wa kuambiwa chama chenu ni haramu, si ndiyo?

Sasa sikilizeni kilichofuata. Uchaguzi wa 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Novemba 1962 Zuberi Mtemvu wa ANC akagombea urais dhidi ya Mwalimu Nyerere, akaambulia kura 21,276. Chama cha namna hiyo kinamtishia nani? Lakini mwaka huohuo Bunge lilishapitisha sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi. Januari 1963 TANU ikaamua nchi iwe ya chama kimoja, na Katiba ya Muda ya 1965 ikaweka muhuri. Mkoloni aliondoka, panga lake likabaki, na walioliokota wakalinoa.

Ujerumani nako, Novemba 1932, wasoshalisti na wakomunisti walikuwa na viti 221 kwa pamoja, Wanazi 196. Ila wao kwa wao hawakuivana. Machi 1933 wakomunisti wakazuiwa kuingia bungeni, na kwa kura 444 dhidi ya 94 Hitler akapewa mamlaka ya kujitungia sheria. Julai 14 ikatoka sheria nyingine: chama ni kimoja tu.

Jamani, msinilishe maneno. Simfananishi Mwalimu na Hitler. Mwalimu mwenyewe alisukuma vyama vingi virudi 1992, wakati wengi waliohojiwa na Tume ya Nyalali walitaka kimoja. Ninachofananisha ni njia: muswada, kura, makofi.

Na sisi yametukuta. Mikutano ya hadhara ilizuiwa tangu 2016 hadi Januari 2023. Mwaka 2019 Sheria ya Vyama vya Siasa ikarekebishwa, Msajili akaongezewa meno. Wangapi hapa tuliusoma ule muswada?

Kwa hiyo kazi ni mbili. Muswada ukitoka, tuusome kabla haujawa sheria. Na siku tukishika dola, sheria za aina hii tuzifute, tusizirithi.

Nendeni na swali hili kwenye kata zenu: chama kidogo kitakachotupinga sisi hapa Misungwi, tutakipa uwanja kifanye mkutano?