Kompyuta Yako Haijafa: Maneno kwa Mlaji Kuhusu Mifumo Endeshi Huria



Naomba nianze na kisa cha mama mmoja mwenye duka la steshenari, aliyefika kwetu akiwa amebeba kompyuta mpakato aliyoifunga kwa kanga. Aliinunua ikiwa imekwisha kutumika, na kwa miaka kadhaa ilimchapia barua za maombi ya kazi, kadi za harusi na mitihani ya shule za jirani. Siku moja kioo kilimletea tangazo kwamba mfumo wake hautahudumiwa tena. Fundi aliyemwendea alimjibu kwa neno moja: "Imekufa." Akamshauri anunue nyingine, na akajitolea kuichukua ile ya zamani kwa bei ya chuma chakavu. Mama huyu alikuwa na swali moja tu: kitu kinachowaka, kinachoandika na kinachochapa, kimekufaje?

Swali hilo ndilo mada yangu ya leo.

Kompyuta ina mambo mawili ambayo mlaji anapaswa kuyatenganisha. Ipo mashine yenyewe, na upo mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiongoza mashine na kuzibeba programu nyingine zote. Mashine huchakaa kwa matumizi. Mfumo endeshi hauchakai. Hufika mwisho pale mtengenezaji anapoacha kuutunza.

Windows 10, iliyotoka Julai 2015, ilifika mwisho huo tarehe 14 Oktoba 2025. Mrithi wake, Windows 11, anadai prosesa ya miaka ya karibuni pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM, toleo la 2.0. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 hazitimizi masharti hayo, ingawa bado ni nzima. Kwetu sisi, ambao wengi wetu hununua kompyuta zilizokwisha kutumika ng'ambo, jambo hili si dogo.

Kompyuta ya namna hiyo haizimiki kwa sababu tarehe imepita. Hatari yake ni kwamba kasoro za usalama zinazogunduliwa baadaye hazizibwi. Anayeitumia kwa miamala ya benki au kutunza taarifa za wateja anafanya kazi katika nyumba ambayo kufuli lake halitengenezwi tena.

Tunapokea pia malalamiko mengine: masasisho yanayojipakua yenyewe na kumaliza kifurushi cha intaneti, kompyuta inayojizima na kujiwasha upya kazi ikiwa katikati, matangazo ndani ya mfumo ambao mtu amekwisha kuulipia. Lile la kwanza lina dawa nyepesi. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao, uonyeshe kwamba intaneti yako hulipiwa kwa kiasi. Masasisho mengi yatasubiri. Mengine yanategemea uamuzi wa mtengenezaji, na hapo ndipo mlaji huuliza kama ipo njia nyingine.

Njia zipo tatu. Ya kwanza ni kuhakikisha kama kweli kompyuta yako haifai kwa Windows 11. Microsoft hutoa bila malipo programu ya kupima, iitwayo PC Health Check. Itumie wewe mwenyewe kabla ya kukubali neno la muuzaji. Ya pili ni kujiandikisha kupata masasisho ya usalama ya muda wa nyongeza, ambayo Microsoft ilitangaza kwa watu binafsi hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila kulipa fedha kwa anayekubali kuhifadhi mipangilio yake katika akaunti yake ya Microsoft. Njia hiyo humpa mtu muda wa kujipanga, basi. Ya tatu ni kuhamia mfumo huria.

Kuna wanaokimbilia nakala isiyo na leseni. Hiyo siihesabu kuwa njia. Aliyevunja leseni hakukuambia ameingiza nini kingine humo ndani, na rahisi ni ghali.

Mfumo huria ni upi? Ni ule ambao leseni yake inampa kila mtu haki ya kuutumia, kuuchunguza, kuurekebisha na kuugawa. Unaojulikana zaidi ni Linux, ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Helsinki, Finland. Wengi wenu mnao mfukoni bila kujua, kwa kuwa simu za Android zimejengwa juu ya kiini chake. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha toleo liitwalo Ubuntu, jina ambalo ni ndugu wa neno letu "utu". Mwaka huohuo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Leseni huria ndiyo iliyowaruhusu.

Kwa kompyuta ya zamani, toleo liitwalo Linux Mint linaweza kufanya kazi vizuri likiwa na kumbukumbu ya gigabaiti 4. Lakini msihame kwa pupa. Kwanza, nakilini mafaili yenu yote kwenye diski ya nje. Pili, mwombeni fundi aweke mfumo kwenye flashi, kisha muwashe kompyuta kutoka humo. Mfumo utafanya kazi bila kugusa chochote kilichomo ndani ya kompyuta, maadamu hamjabonyeza kitufe cha kuusakinisha. Tatu, jaribuni printa, intaneti, sauti na kamera. Kisichofanya kazi kwenye jaribio kisitarajiwe kupona chenyewe baadaye.

Nisiwafiche hasara zake. Programu za Microsoft Office na Adobe Photoshop za kusakinisha hazikutengenezewa Linux. Ipo LibreOffice, inayofungua nyaraka za Word na Excel, ila mpangilio wa kurasa huweza kuhama, na majedwali yenye amri maalumu huweza kugoma. Mwenye programu ya uhasibu aliyoinunua aulize kwanza kama inakubali Linux. Ikiwa haikubali, abaki alipo au atafute kompyuta nyingine kwa kazi hiyo.

Na anayekwenda kununua kompyuta leo, amuulize muuzaji maswali manne kabla ya kutoa fedha. Ina mfumo gani? Leseni yake ni halali? Masasisho yake yataendelea hadi lini? Prosesa yake ni ya mwaka gani? Majibu yaandikwe kwenye risiti. Muuzaji mwaminifu hataona ugumu.

Nirudi kwa mama wa steshenari. Aliijaribu Linux Mint kwa flashi mbele yetu, na printa yake ikaitika. Baada ya wiki mbili alirejea kutueleza kwamba barua za wateja zilizoandikwa kwa Word huruka mistari, hivyo sasa huwaomba wazilete kwa PDF. Usumbufu huo ameukubali kwa hiari yake, akiwa ameupima. Kompyuta ni ileile, na fedha alizokuwa aende kununulia nyingine amenunulia karatasi na wino.