Kunyoa kwa Wembe Mahali Palipo Pagumu

Wasikilizaji wangu, wahenga walisema, "Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji." Watu huitumia methali hii katika mambo makubwa ya dunia, wakasahau kuwa ndani yake mna fundisho la kweli la kinyozi, yaani nywele kavu hazinyoleki vema. Jioni hii nataka kuzungumza nanyi habari za kunyoa ndevu kwa wembe wa kukunja, ule wenye mpini na mgongo mnene, na hasa mahali ambapo wembe hukataa kupita: chini ya pua, kidevuni, ukingoni mwa taya, na shingoni.

Shavuni hapana shida. Hata mwenye kujifunza hupaweza. Mashaka huanza penye mfupa au penye bonde. Mtu aonapo ndevu zimebaki, huukandamiza wembe, na papo hapo damu hutoka. Mkono ulioshika wembe haufai kutumia nguvu hata kidogo. Kazi kubwa ni ya mkono wa pili, ule usio na kitu, maana huo ndio unaovuta ngozi mpaka kilima na bonde viwe tambarare.

Jambo hili si geni. Mwaka 1769 mfua visu mmoja wa Paris, jina lake Jean-Jacques Perret, alitoa kitabu kizima cha kuwafundisha watu kujinyoa wenyewe. Yeye aliyeziuza nyembe alijua vizuri jinsi zinavyoweza kuumiza.

Basi, kabla ya kuanza, upitishe wembe juu ya ukanda wa ngozi mara 30 hivi, mgongo ukitangulia na makali yakifuata. Ufikapo mwisho wa ukanda, ugeuze juu ya mgongo wake, wala usiugeuze juu ya makali. Kisha weka kitambaa chenye maji ya moto usoni kwa dakika 2 au 3, ndipo upake povu la sabuni. Unapokata, inua mgongo wa wembe kutoka ngozini kadiri ya nyuzi 30, ndiyo thuluthi ya pembe mraba. Ukiulaza mno, huvuta ndevu. Ukiusimamisha mno, hukwangua ngozi. Tena usiuvute upande upande kama kisu kinavyokata nyama. Makaovu mengi ya nyuso hutoka katika kosa hilo moja.

Chini ya pua, vuta mdomo wa juu ukaze juu ya meno, na kwa kidole inua ncha ya pua kidogo, kisha shuka kwa mipito mifupi. Kidevuni, kunja mdomo wa chini kuelekea ndani, na lile bonde lililo chini yake litajitokeza. Ukingoni mwa taya, ivute ngozi juu mpaka zile ndevu za ukingoni zije zikae shavuni, ukazinyoe huko. Kadhalika kikoromeo: usipite juu yake, bali sogeza ngozi upande mmoja, unyoe, kisha uisogeze upande wa pili.

Lakini shingoni pana jambo jingine, na hapo naomba masikio yenu. Shingoni ndevu hazilali upande mmoja. Nyingine huelekea juu, nyingine kando, na pengine huzunguka kama maji penye kizingia. Acha ndevu siku moja au mbili, kisha papasa kwa vidole. Vikiteleza, vinafuata ulalo wa ndevu. Vikikwaruzwa, vinapingana nao. Kila mtu ana ramani yake, na ya jirani haitamfaa.

Tena ndevu za watu wengi wa Afrika hujipinda. Udevu uliopinda, ukikatwa sana, ncha yake hubaki kali kama mkuki. Unapokua hujikunja na kuchoma ngozi, na mwili huudhania kuwa mwiba ulioingia kutoka nje. Hapo huzuka vipele, na pengine usaha na makovu meusi yasiyoondoka upesi. Ngozi ikikazwa sana na wembe ukipita kinyume cha ulalo, udevu uliokatwa hurudi chini ya ngozi, ukaanza kuichoma kutoka ndani. Kwa hiyo, kwa mwenye ndevu za kujipinda, shauri langu la shingoni si lile la shavuni. Kaza ngozi kiasi cha kuzuia wembe usikwame tu, fuata ulalo, pita mara moja, uache. Afadhali shingo yenye kivuli cha ndevu kuliko shingo laini leo na vipele kesho kutwa. Aliyekwisha kupata vipele aweke wembe chini majuma 4 au zaidi, wala asivitumbue. Vikizidi, amwone mganga wa hospitali.

Neno moja kwa wanafunzi, kwa maana katika mabweni wembe mmoja huzunguka vitanda vingi. Damu isiyoonekana kwa macho yatosha kupitisha homa ya ini aina ya B, na kijidudu chake huweza kuishi nje ya mwili siku 7. Virusi vya UKIMWI navyo huweza kupita kwa damu. Kuupangusa wembe kwa kitambaa si kuusafisha. Usimwazime mtu wembe wako, hata akiwa ndugu yako, na kwa kinyozi taka kuona wembe mpya ukifunguliwa mbele ya macho yako. Kinyozi mwema hachukizwi na ombi hilo.

Ukikwisha kunyoa, osha uso kwa maji baridi. Palipokatika kidogo gusisha shabu iliyoloweshwa, na damu itasimama. Wembe nao ukaushe sana, hata pale unapoingia katika mpini, kisha uupake mafuta ya cherehani. Mafuta ya nazi ni mazuri kwa nywele, lakini asubuhi za baridi huganda, na wembe uliogandiwa mafuta ni taabu kuufungua.