Hotuba kwa Wanachama: Mto Athi na Samaki wa Malindi



Mto Athi, kwa sehemu kubwa, ndio mpaka wetu: huku Makueni, ng'ambo Kitui. Ukipita Tsavo huitwa Galana, kisha Sabaki, ukamwagika baharini kaskazini ya Malindi. Mvua ikinyesha, udongo wa mashamba yetu, pamoja na samadi na mbolea tuliyoinunua kwa fedha, huenda huko bure.

Wataalamu walitoboa tumbawe moja la Malindi, umri wake miaka 300. Tumbawe huongeza tabaka kila mwaka, nao wakazisoma kama daftari. Mwaka 2007 walitangaza: tangu 1700 hata karibu na 1900 tope halikuongezeka, baadaye likazidi na kuzidi. Ndiyo miaka walowezi walipopewa mashamba, nao Wakamba wakabanwa katika rizavu.

Tope huzuia jua, tumbawe likafa. Mbolea nayo hulisha mwani kama ilishavyo mahindi. Mwani ukizidi hufunika matumbawe, na ukioza humaliza hewa iliyomo majini, samaki wakakosa pumzi. Mvuvi naye ni mfanya kazi.

Wako watakaotulaumu sisi wakulima peke yetu. Twakataa! Uchafu wa viwanda na vyoo vya Nairobi hupita mto huo huo, nasi ndio tuuteka kwanza.

Matuta ya fanya juu twayajua, hushika udongo na mbolea. Lakini zamani za ukoloni wazee wetu walichimbishwa kwa nguvu, bila malipo. Safari hii twadai yachimbwe kwa ijara.