Mpaka na Haki: Wazee, Mabaraza na Mahakama katika Migogoro ya Ardhi Tanzania



Kila unapoandaliwa mjadala kuhusu migogoro ya ardhi, tunaulizwa tuchague: mila au mahakama? Kwetu Tanzania swali hilo lilishapitwa na wakati. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu Francis Nyalali akiongoza, iliamua kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Ibara ya 24 ya Katiba, na kwamba Serikali haiwezi kuifuta bila fidia. Kiini cha shauri lile kilikuwa mashamba ambayo watu waliyapoteza wakati wa Operesheni Vijiji, wakaanza kuyadai mahakamani, kisha ikatungwa sheria mwaka 1992 ya kuyazima madai yao. Miaka mitano baada ya hukumu hiyo ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, iliyotamka wazi kwamba hakimiliki ya kimila ina hadhi sawa na ile inayotolewa na Serikali. Mila, basi, imo ndani ya sheria. Swali lililobaki ni gumu zaidi: jambo gani liamuliwe na nani?

Jibu langu nalitoa mapema ili mpate muda wa kulipinga. Mpaka uamuliwe na wazee, shambani. Nani ana haki ya kumiliki, hilo liamuliwe na sheria.

Tuanze na mpaka. Wanaokijua kihamba cha Kilimanjaro wanajua jinsi kilivyobanana: migomba, kahawa chini yake, makaburi ya wazee pembeni, na watoto wa kizazi hiki wakigawana kilichokwisha kugawanywa na baba na babu. Mpaka unapandwa masale. Isale lilelile linaloonyesha mwisho wa shamba ndilo jani ambalo aliyekosa humpelekea jirani yake akiomba msamaha. Ukitokea ugomvi, wazee hufika na kutembea mpakani. Wanakumbuka nani alipanda, mfereji ulipita wapi kabla haujakauka, mti gani ulikatwa na ulikatwa na nani. Anayetaka kusema uongo inabidi auseme akiwa amesimama juu ya ardhi yenyewe, mbele ya watu waliolima karibu naye maisha yake yote. Uongo wa namna hiyo ni mgumu sana.

Sasa upelekeni ugomvi huohuo mjini. Unageuka kuwa mchoro wa kalamu, shahidi aliyekula kiapo, na mwenyekiti wa baraza ambaye huenda hajawahi kukanyaga shamba lile. Mahakama ya Rufani ilisema mwaka 1980 kwamba kutembelea eneo la mgogoro ni jambo la nadra, kwa kuwa mwamuzi anayejionea mwenyewe anaweza kujikuta amegeuka shahidi. Hoja hiyo ina uzito wake: macho ya hakimu hayawezi kuhojiwa na wakili. Lakini katika ugomvi wa hatua tatu za ardhi iliyopandwa masale, kukaa ofisini ni kuchagua ushahidi dhaifu na kuuacha ulio bora.

Ngazi za utatuzi mnazijua, sitazikalia. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, watatu kati yao angalau wawe wanawake, na kazi yake ni usuluhishi tu. Baraza la Kata, lililoanzishwa kwa sheria ya 1985, liliwahi kuamua migogoro ya ardhi ya thamani isiyozidi shilingi milioni 3, mpaka marekebisho ya 2021 yalipoliondolea mamlaka hayo. Siku hizi lina siku 30 za kupatanisha. Likishindwa, wahusika wanakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kisha Mahakama Kuu, kisha Rufani.

Mabadiliko ya 2021 mimi nayaunga mkono kwa nusu. Kumpa mtu asiyesomea sheria uwezo wa kumnyang'anya mwenzake shamba, tena mahali ambapo sheria inamzuia wakili kusimama, kulikuwa na hatari zake. Ila nahofia siku hizo 30 zitageuka foleni ya kusubiri cheti cha kwamba usuluhishi umeshindikana. Mdai anayejua kwamba kata haiamui chochote anaweza kuja pale kugongewa muhuri tu, aendelee na safari.

Kuna kosa la zamani zaidi. Tume ya Rais ya Uchunguzi wa Masuala ya Ardhi, iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji na kuanza kazi mwaka 1991, ilipendekeza Baraza la Wazee la Ardhi liwe ngazi ya kwanza ya kusikiliza migogoro. Sheria ya 1999 ikachukua njia nyingine: Halmashauri ya Kijiji ndiyo inayopendekeza majina ya wasuluhishi, na Mkutano Mkuu wa Kijiji unayaidhinisha. Halmashauri hiyohiyo ndiyo inayogawa ardhi. Ikiwa mlalamikaji anasema uongozi wa kijiji uligawa shamba lake kwa mtu mwingine, atasuluhishwa na watu waliopendekezwa na anaowalalamikia. Kesi ya ngedere, hakimu nyani.

Na pale mila mbili zinapokutana, wazee wa upande mmoja si wazee wa upande wa pili. Desemba 2000, huko Rudewa wilayani Kilosa, wakulima na wafugaji walipambana na watu 38 wakauawa. Mahali kama pale hakuna isale ambalo pande zote mbili zinaliheshimu, na kumwambia mfugaji akasuluhishwe na wazee wa wakulima ni kumdhihaki.

Nije sasa kwenye jambo ambalo wazee siwaachii hata kidogo: mwanamke na ardhi ya ukoo.

Tamko la Sheria za Mila la 1963 linasema mwanamke anaweza kurithi, isipokuwa ardhi ya ukoo, ambayo anaweza kuitumia lakini hawezi kuiuza. Mjane, kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, hana fungu. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Mwaka 1990, katika shauri lililotoka Kagera, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu alilikataa katazo la kuuza. Mwanamke mmoja alikuwa ameuza ardhi aliyoachiwa na baba yake kwa wosia, na mpwa wake akashtaki. Jaji akasema katazo hilo ni ubaguzi unaopingana na Katiba, na kwamba wanawake na wanaume wana haki sawa ya kuuza. Sheria ya 1999 ikafuata mkondo huo: kifungu cha 20 kinabatilisha kanuni yoyote ya kimila inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki, kukaa au kutumia ardhi.

Msishangilie mapema. Wajane wawili kutoka Shinyanga walipopinga kanuni za urithi mahakamani, Mahakama Kuu mwaka 2006 ilikiri kwamba kanuni zile zina ubaguzi, kisha ikakataa kuzifuta. Walikata rufaa, na mwaka 2010 rufaa ikatupwa kwa sababu ya kasoro ya tarehe katika amri iliyokatiwa rufaa. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kuondoa Ubaguzi dhidi ya Wanawake ikasema Tanzania imevunja haki zao. Kwa hiyo ninaposema haki iamuliwe na sheria, sisemi mahakama ni malaika. Mzee wa ukoo humnyima mjane shamba akimtazama usoni. Mahakama imeweza kumnyima kwa tarehe.

Ugonjwa huo wa taratibu umegusa hata kile kiti kidogo ambacho sheria imewaachia wazee. Mwenyekiti wa Baraza la Wilaya anatakiwa kukaa na washauri, yaani wazee wa baraza, wasiopungua wawili, maoni yao yapokelewe kwa maandishi, na wadaawa wayasikie kabla ya hukumu. Mahakama ya Rufani imefuta mashauri ya miaka mingi kwa kuwa maoni hayo hayakuonekana kwenye jalada. Uamuzi huo ni sahihi kisheria. Lakini mtazameni mdaawa: ameambiwa aanze upya kwa sababu wazee waliketi na hakuna aliyewasikiliza.

Mtaniuliza: nitajuaje kama ugomvi ni wa mpaka au wa haki? Swali zuri, maana shemeji anayetaka kumfukuza mjane hasemi anamfukuza. Anasema mpaka umesogezwa. Kipimo changu ni hiki: kama upande mmoja unakana kwamba mwingine anastahili kuwa na shamba lolote pale, huo si ugomvi wa mpaka, na wazee wauachie mara moja. Kama wote wawili wanakubaliana kwamba ni majirani, na kinachobishaniwa ni mstari tu, Baraza la Wilaya liende shambani, liwasikilize wazee palepale, maneno yao yaandikwe na yasainiwe.

Na nyinyi madiwani mliopo, neno langu la mwisho ni lenu. Tamko la 1963 si Msahafu. Sheria inaziruhusu halmashauri za wilaya kupendekeza kwa Waziri sheria za mila za maeneo yao ziandikwe na zirekebishwe. Msisubiri mjane mwingine aende hadi Umoja wa Mataifa. Liwekeni jambo hili kwenye ajenda ya kikao chenu kijacho.