Kiti cha Lubudi ni cha Nani?

Wababa, wamama, na ninyi vijana mliosimama nyuma kwa kukosa viti.

Wengi wenu mna kadi ya uchaguzi mfukoni, na najua mliifuata kwa nini. Askari wa bariyeri anaiuliza, benki inaiuliza, muuza laini za simu anaiuliza, maana kwa miaka mingi nchi yetu haikutupatia kitambulisho kingine. Mlipanga foleni, mkapigwa picha, mkaenda zenu. Hamkuambiwa kwamba siku ile mlikuwa mnatengeneza kiti.

Bunge la Kinshasa lina viti 500. Havigawanywi kwa wingi wa shaba iliyo chini ya miguu yetu. Kama ingekuwa hivyo, Tenke na Fungurume tungejaza safu nzima! Tume ya uchaguzi, CENI, inachukua idadi ya walioandikishwa nchi nzima, inaigawa kwa 500, kisha inatazama kila mji na kila teritwari ina walioandikishwa wangapi. Kolwezi ni mji, inahesabiwa peke yake. Sisi tunahesabiwa ndani ya teritwari ya Lubudi. Mzee wa kabila la Wasanga aliyezaliwa hapa ni mtu mmoja. Mkasai aliyekuja kuchimba akaandikishwa hapa, naye ni mtu mmoja.

Haki hii ya kuhesabiwa na kuchagua mbunge haina umri mkubwa. Wabunge wa kwanza walichaguliwa Mei 1960. Julai 11 Tshombe akatangaza Katanga imejitenga, mambo yakaja kuishia Kolwezi, Januari 1963. Mwaka 1975, chini ya Mobutu, majina yalisomwa mbele ya umati na watu wakapiga makofi. Huo ndio ulikuwa uchaguzi. Makofi hayahesabiki.

Lakini mwaka ninaotaka tuutazame vizuri ni 1992. Agosti, Mkutano Mkuu wa Taifa kule Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, awe waziri mkuu mahali pa Nguz Karl-i-Bond, mtu wa huku kwetu. Ugomvi ulikuwa wa wakubwa, juu ya kiti cha Kinshasa. Walioulipia ni walimu, wauguzi na wafanyakazi wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, kwanza Likasi, halafu Kolwezi mwaka 1993. Wengi wao walizaliwa huku. Waliitwa wadudu, wakafukuzwa majumbani, wakalala kwenye stesheni na magodoro na sufuria zao wakingoja treni, na wengine walifia palepale. Reli ya Kolwezi na reli ya Likasi zinakutana wapi? Hapa Tenke. Mabehewa yale yalipita hapa kwenda Kamina na Kasai.

Kwa hiyo mgombea akija kutuambia yeye ni mwana wa hapa na wale ni wageni, mwulizeni kiti anachokiomba kimetokana na hesabu ya nani.

Tena Katiba ya 2006 inasema mbunge anawakilisha taifa zima, na hakuna anayeweza kumfunga kwa maagizo. Sawa. Hatuwezi kumwagiza, ila kumwuliza tunaweza. Sheria ya madini iliyopitishwa na Bunge na kutiwa saini Machi 2018 inatoa asilimia 15 ya mrabaha kwa serikali za mitaa za mahali madini yanapotoka, na 25 kwa jimbo. Mbunge ana haki ya kumhoji waziri kwa mdomo au kwa maandishi, na kudai tume ya uchunguzi. Amewahi kuuliza lolote juu ya ile 15? Siku gani? Alijibiwa nini? Fulana na bia za kampeni si jibu.

Nanyi wachimbaji mnaoishi Tenke miaka yote hii huku kadi zenu ni za Mwene-Ditu, upande wa Kasai: maji mabaya mnayanywa hapa, hesabu yenu iko kule. Uandikishaji ukirudi, jiandikisheni mnapoishi. Na wewe mwenye nyumba, mpangaji wako asitishwe siku hiyo. Mwonyeshe kituo kilipo.